Nywele Safi kwa Bei Nafuu: Tusinunue Jina



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, katika jarida letu la kila mwaka tumezoea kusoma makala za tajwidi, sira, adabu na matokeo ya mitihani. Mwaka huu sisi wanafunzi wa darasa la wakubwa, upande wa wasichana, tumeomba nafasi tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni chupa ya shampuu na chupa ya kondishena. Ndani ya nyumba zetu hapa Buger jambo hili si dogo tena. Inapokaribia Idd, au inapotangazwa harusi, maneno huanza. Binti anataka kwenda Karatu mjini, anataka vitu "vya saluni", na chupa iliyopo kwenye duka la hapa kijijini anasema itamharibia nywele. Mama naye anajua kwamba fedha iliyopo ni ya gunia la maharage lililouzwa juzi, na bado kuna mbegu, madaftari, na mchango wa madrasa. Mwisho wake mmoja ananuna na mwingine anakopa.

Maoni yetu tunayasema mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Shampuu na kondishena za bei nafuu, zikiwa halali, halisi na hazijapitwa na muda, zinatosha kwa nywele za mtu mwenye afya. Anayelipa mara tano au mara nane zaidi kwa sababu ya jina la saluni, sehemu kubwa ya fedha yake inakwenda kwenye chupa, harufu na matangazo. Fedha hiyo ina kazi nyingine. Tutaeleza sababu zetu, na pale ambapo wenzetu wana hoja ya kweli tutawapa haki yao.

DINI INASEMAJE JUU YA NYWELE

Kwanza tuondoe dhana kwamba kujali nywele ni upuuzi wa kidunia. Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba mwenye nywele azitunze, na maagizo hayo yamo katika Sunan ya Abu Dawud. Vilevile imepokewa kwamba alikataza mtu kushinda akichana nywele kila siku, ila aziache siku moja na kuchana siku nyingine. Ukiyaweka maagizo hayo mawili pamoja unaona njia ya katikati: usiwe mchafu, na usiwe mtumwa wa kichwa chako.

Kuhusu matumizi, Qur'ani katika Surat Al-Furqan inawasifu waja ambao wanapotoa mali yao hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali wanakuwa katikati. Kwa hiyo mzazi anayemnyima binti yake hata sabuni ya kuogea hajafuata sunna. Na binti anayetaka chupa ya bei ya gunia hajafuata sunna pia.

Yapo na mafunzo ya maji. Bi Ummu Salama (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama ni lazima afumue misuko yake anapooga janaba, akajibiwa kwamba inamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu kisha aoge mwili wake. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji kiitwacho mudi, na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Sisi ambao tunabeba maji kwa ndoo na madumu tunaijua thamani ya mafunzo hayo kuliko anayefungua bomba.

Na kabla ya chupa hizi kulikuwa na mkunazi. Majani yake yaliyotwangwa yakatiwa majini hutoa povu jepesi, na Waislamu wanayajua mpaka leo kwa kumwoshea maiti. Sheria ilichagua mti unaopatikana, usio na gharama. Hilo peke yake lingetosha kuwa somo.

SHAMPUU NI NINI HASA?

Neno lenyewe limetoka India. Katika Kihindi lilikuwa na maana ya kukanda au kubinya mwili. Mtu mmoja aliyelifanya lijulikane Uingereza ni Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759 katika familia ya Kiislamu. Alihamia Ulaya, akafungua nyumba ya kuogea kwa mvuke na kukanda mwili katika mji wa Brighton, na akapata cheo cha kuwahudumia wafalme George IV na William IV kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1851. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kukanda mwili likaja kwenye kuosha kichwa. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf, mkemia wa Berlin, alianza kuuza shampuu ya unga, na katika miaka ya 1930 zikaja shampuu za maji zisizotengenezwa kwa sabuni ya kawaida.

Sasa ndani ya chupa kuna nini? Sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana kwenye lebo neno la kwanza huwa ni "Aqua" au "Water". Baada ya maji hufuata dawa ya kutoa uchafu na povu, mara nyingi ile ya jamii ya salfeti. Kisha huwekwa chumvi kidogo ya kufanya maji yawe mazito, kitu cha kurekebisha asidi, dawa ya kuzuia kuoza, rangi na manukato. Chukua chupa ya bei ndogo na chupa ya bei kubwa, uzisome pamoja. Mara nyingi utakuta vitu vitano au sita vya mwanzo vinafanana.

Hapa kuna jambo la kukumbuka unaposoma lebo. Kwa desturi ya kimataifa vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake: kilicho kingi kinatangulia na kilicho kidogo kinafuata, ingawa vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Sasa tazama lile jina kubwa lililoandikwa mbele ya chupa, kama vile keratini, mafuta ya argani, protini ya hariri au asali. Kisha ligeuze na kulitafuta nyuma. Ukilikuta mwisho kabisa, karibu na manukato, ujue kilichotiwa ni tone. Umelipia picha ya asali.

Jambo jingine ni kwamba shampuu hukaa kichwani dakika chache kisha huoshwa. Kazi yake ni kuondoa vumbi, jasho na mafuta ya zamani. Na vumbi jekundu la kwetu wakati wa kiangazi halina ubaguzi, linatoka kwa shampuu ya bei yoyote.

KONDISHENA INAFANYA KAZI GANI?

Unywele unaoonekana juu ya ngozi hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kama mabati ya nyumba. Hauli wala haunywi, kwa hiyo maneno "inalisha nywele" ni maneno ya biashara. Uhai uko kwenye mzizi ndani ya ngozi, na mzizi unalishwa na damu, yaani na chakula unachokula. Maharage, mbaazi, mboga, maziwa na mayai hulisha nywele kuliko chupa.

Kondishena husaidia kwa njia nyingine. Nywele zikiosheka hubaki na chaji hasi, na kondishena ina vitu vyenye chaji chanya vinavyonata juu ya unywele, vikalainisha magamba na kupunguza kukwaruzana. Ndipo kitana kinapita bila kukata. Vitu hivyo pamoja na mafuta mazito yaliyomo vinatengenezwa kwa wingi duniani, na vinatumika katika chupa za bei zote.

Nywele zetu Waafrika zimejikunja. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi hayatelemki kwa urahisi mpaka kwenye ncha, basi ncha hukauka na kukatika. Kwa hiyo sisi tunahitaji kondishena kuliko tunavyohitaji shampuu ya mara kwa mara. Mwenye fedha kidogo na apunguze kwenye shampuu, akose hata povu jingi, lakini asikose kitu cha kulainisha kabla ya kuchana. Na kitu hicho kinaweza kuwa mafuta ya nazi. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, ukaona kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele zinapooshwa. Bibi zetu wa pwani hawakuusoma utafiti huo, lakini kipakacho chao kilikuwa hicho hicho.

Baadhi ya wenzetu wameuliza kuhusu neno "alkoholi" kwenye lebo ya kondishena. Ile iitwayo setili na ile iitwayo stearili ni mafuta magumu mfano wa nta. Haileweshi na haina uhusiano na pombe ya kunywa. Kwa vitu vingine vyenye asili ya mnyama, kama vile keratini au gliserini ambayo asili yake haikuandikwa, tuwaulize walimu wetu. Hatutoi fatwa katika makala hii.

HESABU YA NYUMBANI

Wanafunzi tunafundishwa hesabu ili tuitumie. Usilinganishe bei ya chupa na chupa. Linganisha bei ya mililita moja. Gawa bei kwa idadi ya mililita iliyoandikwa chini ya lebo. Tuchukue bei za mfano tu, kila mmoja ataweka za dukani kwake:

Chupa yenye jina la saluni, mililita 250 kwa shilingi 20,000: kila mililita ni shilingi 80.

Chupa kubwa ya kawaida, mililita 500 kwa shilingi 5,000: kila mililita ni shilingi 10.

Pakiti ndogo, mililita 10 kwa shilingi 300: kila mililita ni shilingi 30.

Sasa tuseme nyumba ina mama na mabinti watatu, kila mmoja anaosha nywele mara moja kwa wiki kwa mililita 10. Kwa wiki ni mililita 40, kwa mwaka wa wiki 52 ni mililita 2,080. Kwa chupa ya kwanza nyumba italipa shilingi 166,400. Kwa chupa ya pili italipa shilingi 20,800. Tofauti ni shilingi 145,600, na hapo hatujagusa kondishena, wala nauli ya bodaboda ya kwenda mjini na kurudi. Kila mzazi anajua shilingi hizo zingenunua nini: sare, madaftari, viatu, mbegu za msimu.

Utaona pia kwamba katika mfano huu pakiti ndogo, inayoonekana rahisi kuliko zote, ni ghali mara tatu kuliko chupa kubwa. Sio kila mahali iwe hivyo, ndiyo maana tunasema kokotoa mwenyewe. Lakini tunajua kwa nini watu hununua pakiti: siku hiyo mfukoni mna shilingi 500 tu. Dawa yake ni kushirikiana. Ndugu wawili au majirani watatu wachangie chupa kubwa, wagawane kwenye vichupa safi. Kugawana hivyo ni ujirani mwema, na hakuna aibu ndani yake.

Tunayasema haya tukikumbuka kwamba kipato cha mkulima hakina uhakika. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ya mbaazi nchini iliporomoka, na wakulima wa wilaya yetu ya Karatu, ambao wengi hulima zao hilo, waliumia. Nyumba iliyozoea gharama ndogo huvumilia mwaka kama huo. Nyumba iliyozoesha watoto vitu vya majina huvunjika moyo, na wakati mwingine huvunja hata ada ya shule.

NANI YUKO NYUMA YA MAJINA?

Wengi hudhani kwamba kampuni za saluni ni wataalamu wa aina moja na kampuni za dukani ni watu wengine kabisa. Si hivyo. Kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ndiyo yenye Kérastase na Redken zinazouzwa kwenye saluni za gharama, na ndiyo hiyo hiyo yenye Garnier inayouzwa kwenye maduka ya kawaida. TRESemmé ilianza Marekani ikiwa bidhaa ya saluni, leo iko chini ya Unilever na inauzwa kwenye rafu pamoja na vitu vya kila siku. Jina limebaki, mahali pa kuuzia pamebadilika.

Hata jirani zetu wa Kenya wana kisa cha kufundisha. Mwaka 1995 Paul Kinuthia wa Nairobi alianza kuchanganya shampuu na kondishena kwa mkono, kwa mtaji mdogo, na kuwapelekea wenye saluni mjini. Kazi ikakua ikawa kampuni ya Interconsumer Products, iliyojulikana kwa vipodozi vya Nice & Lovely vya bei ya mwananchi wa kawaida. Mwaka 2013 L'Oréal wenyewe wakaja kuinunua biashara hiyo ya vipodozi. Tazameni basi: kitu kilichoanzia kwenye ndoo ya Mwafrika, kikauzwa saluni kwa bei nafuu, kilinunuliwa na kampuni kubwa ya Ulaya. Mteja anayedharau cha bei ndogo kwa sababu ni "cha kwetu" anadharau kitu ambacho wakubwa wamekitamani.

Na ukienda saluni nyingi ukaangalia chini ya sinki, utakuta dumu la lita 5 la shampuu ya kawaida. Msusi ni mfanyabiashara, anajua hesabu. Anaosha vichwa vyote kwa dumu hilo, na nywele zinatoka safi. Uzuri unaouona ukitoka pale ni wa mikono yake: amekanda, ameosha mara mbili, amechana taratibu kutoka kwenye ncha, ameweka mvuke, amesuka kwa subira. Huo ujuzi una thamani na mwenye nao alipwe haki yake bila kupunjwa. Wapo dada zetu wanaoendesha maisha kwa kazi hiyo na tunawaombea baraka. Tunachosema ni kwamba umlipe mtu kwa kazi yake, usilipe nembo ya chupa ukadhani ndiyo iliyofanya kazi.

HOJA ZA WENZETU

Wapo waliotuambia: "Shampuu ya saluni ni nzito, unatia kidogo tu." Ni kweli kwa baadhi. Kama chupa ya shilingi 80 kwa mililita inatumika nusu ya kiasi, basi ni sawa na shilingi 40. Bado ni mara nne ya ile ya shilingi 10.

Wengine wamesema: "Ya bei ndogo ilinikausha nywele." Inawezekana, kwa sababu shampuu hazifanani na vichwa havifanani. Lakini kabla ya kuilaumu bei, jiulize kama ulitia nyingi, kama uliosha mara tatu kwa wiki, na kama uliweka kondishena. Ukiisha kujiuliza, badilisha aina nyingine ya bei hiyo hiyo. Pia angalia maji. Maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu na beseni hubaki na utando, huacha nywele zikiwa kavu hata kwa shampuu ghali. Maji ya mvua ni laini. Wakati wa masika yakingwe kwenye chombo safi yatumike kuoshea kichwa. Na sabuni ya mche ya kufulia ina besi kali, hiyo tusiipeleke kichwani kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Wengine wana mba, au wana muwasho. Hapa tunawaunga mkono kwamba chupa yoyote haitoshi, lakini hata hapa jibu si saluni. Anayehitaji dawa anunue yenye dawa: shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi hupatikana kwenye duka la dawa, na mfamasia ataeleza namna ya kuitumia. Mtoto mwenye mapunye, yale mabaka ya duara yanayong'oa nywele, hatatibiwa kwa shampuu ya bei yoyote. Ni fangasi walioingia kwenye mzizi, anahitaji dawa ya kumeza kutoka zahanati. Na sote tusiazimane vitana na mitandio, maana ndiko mapunye na chawa vinakopitia.

KILICHO GHALI ZAIDI YA FEDHA

Tukizungumzia saluni hatuwezi kuacha dawa za kunyoosha nywele. Nyingi zina besi kali sana, na ndiyo maana huunguza ngozi zikikaa. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo haukusema kwamba kila anayetumia ataugua, wala haukuthibitisha moja kwa moja kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini mtu mwenye akili akiona njia mbili, na moja ina shaka na gharama, nyingine haina, anajua ya kupita. Watoto wadogo wasiwekewe dawa hizo kwa ajili ya Idd ya siku moja.

Hatari nyingine ni bidhaa bandia. Jina likiwa kubwa waghushi hulitamani, ingawa hata kitu cha bei ndogo kinaweza kughushiwa. Chupa tupu hujazwa kitu kingine ikarudishwa sokoni. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi nchini uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kazi hiyo kutolewa kwa iliyokuwa TFDA. Kwa hiyo unaponunua tazama mambo manne: alama ya ubora, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kwisha muda, na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Duka la kudumu ambalo unaweza kurudi na kulalamika ni bora kuliko mchuuzi anayepita mara moja.

USHAURI WETU

Shule nyingi nchini huwataka wasichana wakate nywele fupi, basi kwa wengi wetu sabuni laini ya kuogea na mafuta kidogo vinatosha kipindi chote cha masomo. Wavulana kadhalika. Shampuu na kondishena ni kwa mama zetu, dada zetu waliomaliza shule, na wale walioruhusiwa kufuga. Kwao tunapendekeza hivi.

Osheni mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na siku ya Alkhamisi jioni au Ijumaa asubuhi ingefaa ili usafi wa Ijumaa upatikane. Shampuu ipakwe kwenye ngozi ya kichwa, kondishena ipakwe kwenye urefu na ncha. Tumia kata na beseni. Lita 4 au 5 zikipangwa vizuri zinatosha kichwa kimoja. Chana kwa kitana chenye meno mapana kungali na kondishena, anzia kwenye ncha upande juu. Kisha acha nywele zikauke kabla ya kuvaa hijabu, hasa miezi ya baridi ambapo asubuhi za huku ni za ukungu. Nywele mbichi zikifungiwa kutwa nzima hutoa harufu na kuwasha, na hapo ndipo mtu anapodhani anahitaji chupa ya gharama.

Wazazi wetu, tunawaomba jambo moja. Msituambie tu "hakuna hela". Kaeni nasi mfanye hesabu ile tuliyoionyesha, mtupe kiasi maalumu cha mwaka, mtuache tukipange wenyewe. Mtoto aliyepewa shilingi 30,000 za nywele za mwaka mzima atajifunza haraka kuliko aliyehutubiwa. Na mnapomwona binti wa jirani ana nywele nzuri, msimsifu mbele yetu kwa jina la chupa aliyotumia.

Na nyinyi wanafunzi wenzetu, wasichana wa madrasa hii, mkumbuke kwamba nywele zetu tumeamrishwa kuzisitiri. Hakuna anayesoma jina la shampuu juu ya mtandio wako. Wanaozijua nywele zako ni watu wa nyumbani kwako, na hao watafurahi zikiwa safi, zimechanwa, na ada ya shule imelipwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, atupe kinaa katika tulichonacho, na atulinde na israfu na ubakhili. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.